Kabla ya Kumwandikisha Mtoto Gredi ya 7

Matokeo yanapotoka, mabango mapya hutundikwa kwenye mageti ya shule za umma kote Kenya: wastani wa shule kwa tarakimu nene, picha za watoto watatu au wanne waliong'ara, na chini yake jina la mwalimu mkuu. Mzazi anayepita kwa bodaboda husoma bango, akaridhika, na kufikia kona inayofuata ameshaamua mwanawe ataingia wapi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Sidai kwamba kila shule yenye bango ni mbaya. Nadai tu kwamba bango ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote mzazi alivyo navyo, na kwamba viko vipimo bora visivyogharimu chochote ila saa mbili tatu na ujasiri wa kuuliza.

Tuanze na alama zenyewe. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ni ngazi changa. Wanafunzi wa kwanza waliingia Januari 2023, wakiwa ndani ya nyua za shule za msingi, baada ya jopokazi la rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kupendekeza wabaki huko. Kundi hilohilo ndilo lililofanya mtihani wa kwanza wa KJSEA, ule wa kumalizia Gredi ya 9, mwishoni mwa 2025. Shule inayojisifia rekodi ya miaka mingi katika ngazi hii inajisifia kitu ambacho bado hakijapata muda wa kuwapo. Isitoshe, alama ya mtoto ya kuingilia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, hujengwa kwa vipande vitatu: asilimia 60 ni KJSEA, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 iliyobaki ni KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6. Moja ya tano ya sifa hizo mtoto alikuja nayo kabla hajafundishwa kipindi kimoja na walimu wanaopigiwa makofi.

Kisha kuna swali ambalo bango halilijibu kamwe: walioanza ni wangapi, na waliomaliza ni wangapi? Tuseme watoto 48 waliingia Gredi ya 7 na 31 wakaketi kwa mtihani. Wale 17 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, sawa. Lakini huenda yupo aliyepata mimba na hakuna aliyemfuata nyumbani, yupo anayebeba mawe kwenye timbo, na yupo aliyeshauriwa kwa sauti ya upole atafute shule nyingine kwa kuwa angeushusha wastani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kurudishwa darasa wala kufukuzwa kiholela, na shule inayong'arisha wastani wake kwa kuwapunguza wanyonge inavunja sheria huku ikikuomba uisifu. Mwulize mwalimu mkuu idadi hizo mbili. Anayezijua bila kufungua kabati, na anayeweza kukueleza kila aliyeondoka alikwenda wapi, tayari amekwambia jambo kubwa kuhusu shule yake.

Jambo la pili ni walimu, na hapa hesabu ya darasa la tatu inatosha. Masomo ya sekondari msingi ni tisa, na ratiba ina vipindi 40 kwa juma, kila kimoja dakika 40. Shule yenye mkondo mmoja ina madarasa matatu, kwa hiyo vipindi 120 vya kufundishwa kila juma. Walimu wakiwa wawili, hata wasipougua, hata wasipoitwa semina, kila saa kuna darasa moja lisilo na mtu mbele yake. Wakiwa watatu, kila mmoja anasimama ubaoni vipindi vyote 40 bila nafasi ya kusahihisha daftari hata moja. Wakiwa wanne, kila mmoja anabeba vipindi 30. Ni mzigo mzito, ila unabebeka. Na kwa kuwa mwalimu wa sekondari nchini husomea masomo mawili ya kufundisha, masomo tisa yanahitaji walimu watano kwa uchache ili kila somo lipate mwenyewe. Chini ya hapo, mtu aliyesomea Historia na Dini ndiye anayefundisha Sayansi Jumuishi, akiwa ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi.

Kwa hiyo omba kuona ratiba yenye majina ya walimu. Hiyo ni karatasi ya kawaida iliyobandikwa ukutani, wala si siri ya serikali. Pitisha kidole kwenye jina la kila somo, uulize aliyeandikwa hapo amesomea nini. Uliza pia ameajiriwa vipi: na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kwa masharti ya kudumu, kama mwanagenzi wa mkataba, au na bodi ya shule kwa pesa za wazazi. Usiwadharau wanagenzi. Wengi ni vijana wenye shahada, wana ari, na baadhi yao wanafundisha vizuri kuliko wakongwe waliochoka. Tatizo lao ni kwamba mkataba unaisha, au kunazuka mgomo kama ule wa Mei 2024 walipodai ajira ya kudumu, na mtoto wako anabaki na kitabu kilichofikia katikati. Jibu unalolitafuta ni hili: mwalimu wa Hisabati wa Gredi ya 8 ndiye aliyewafundisha watoto haohao mwaka jana? Somo likibadilisha mikono mara tatu katika mwaka mmoja, hakuna jengo jipya litakalofidia hasara hiyo.

Hapa inabidi tuwe waadilifu. Uhaba wa walimu mara nyingi si kosa la shule. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zimepoteza walimu wengi waliohamishwa kwa sababu ya mashambulizi, na mwalimu mkuu wa huko hawezi kuwaumba wengine kwa udongo. Unachoweza kumpima nacho ni jinsi alivyowapanga aliobaki nao. Je, masomo magumu yamewekwa asubuhi? Je, darasa lisilo na mwalimu lina kazi ya kufanya, au limeachwa lipige kelele mpaka kengele?

Sasa nije kwenye kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote: madaftari.

Usichukue daftari la kiranja wala la mtoto anayeongoza. Hao wangefaulu hata chini ya mwembe. Mtafute jirani mwenye mtoto wa kiwango cha kati katika shule hiyo, umwombe kwa heshima akuonyeshe madaftari matatu: la Hisabati, la Sayansi Jumuishi na la insha za Kiswahili. Kaa nayo mezani, chai ikiwa karibu.

Kwanza soma tarehe. Hisabati ina vipindi vitano kwa juma. Ukikuta kazi ya tarehe 3, kisha ya tarehe 17, kisha ya tarehe 30, basi kuna vipindi vingi ambavyo havikuacha alama yoyote, na hakuna maelezo ya kupendeza kutoka ofisini yanayoweza kuvijaza. Kisha angalia wino mwekundu. Ipo alama ya vema iliyopigwa ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja, inayokata majibu sahihi na makosa bila kubagua. Hiyo ni ya mwalimu aliyesahihisha madaftari 70 akiwa ndani ya matatu, au aliyemkabidhi kiranja kalamu. Na ipo alama inayosimama penye kosa lenyewe, kwenye mstari ambapo mtoto alisahau kubadilisha ishara ya kutoa, pamoja na neno moja au mawili ya kumwelekeza. Ukurasa unaofuata ndio wenye hukumu. Je, mtoto alifanya masahihisho? Je, kosa lilelile linajitokeza tena majuma matatu baadaye? Kosa linalorudi hadi mwisho wa muhula bila mtu kulishughulikia lina maana kwamba mtoto anahudhuria shule lakini hafundishwi.

Katika daftari la sayansi, tazama kama kuna sentensi hata moja ya mtoto mwenyewe. Madaftari ya darasa zima yakifanana neno kwa neno, mpaka kosa la tahajia la mwalimu likanakiliwa na wote, unachokitazama ni kunakili ubao. Mtaala wa Umilisi ulikuja kwa ahadi ya kuachana na mambo hayo. Katika insha, angalia kama mwalimu amejali mawazo au ameishia kuzungushia duara maneno yaliyoandikwa vibaya. Mwalimu aliyeandika pembeni "Kwa nini shangazi alikasirika? Hujatuambia" ni hazina. Mtoto akipata mmoja wa aina hiyo katika miaka mitatu, mshukuru Mungu.

Neno kuhusu miradi. Tunajua sote, na tunacheka, kwamba kazi nyingi za mtaala huu zimefanywa na mama usiku wa manane kwa gundi na maboksi ya sabuni. Kwa hiyo usivutiwe na vitu vizuri vilivyopangwa kwenye meza ya siku ya maonyesho. Mshike mtoto mmoja umwulize alichokata, alichokosea, na kilichoharibika kabla hajapatia. Aliyekitengeneza atakueleza mpaka umwombe aache.

Maabara inahitaji jicho la namna hiyohiyo. Shule nyingi za sekondari msingi zimo ndani ya nyua za msingi ambazo hazikujengwa kwa ajili ya maabara, na kukosekana kwa jengo lenyewe kusikukatishe tamaa. Kuna walimu wanaofundisha asidi na besi kwa maji ya kabichi nyekundu na ndimu. Kinyume chake, kuna shule zenye sanduku kamili la vifaa, vumbi limetanda juu, na ufunguo anao mtu aliyehamishwa. Ndivyo ilivyotokea kwa vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016: katika shule nyingi vilifungiwa kabatini visije vikaibwa. Basi usiulize kama vifaa vipo. Mwulize mwanafunzi, mara ya mwisho mlipofanya jaribio wewe mwenyewe ulishika nini?

Kama ungeniruhusu swali moja tu mbele ya mwalimu mkuu, ningeuliza hili: "Mwalimu, mtoto anayefika Gredi ya 7 bila kusoma vizuri, hapa kwenu mnamsaidiaje?" Tathmini za mpango wa Uwezo, zilizoanza Afrika Mashariki mwaka 2009, zimeonyesha mara kwa mara kwamba wapo watoto wa madarasa ya juu ya msingi wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la 2. Hakuna mtaa wala kijiji kisicho nao. Kwa hiyo mwalimu mkuu akikujibu kwamba wa kwake wote wanasoma vizuri, ama hajui ama hataki ujue. Akisema ni uvivu wa watoto na wazazi wa siku hizi, mpishe. Jibu zuri lina vitu vinavyohesabika: ni watoto tisa, wanakaa na mwalimu fulani baada ya chakula cha mchana mara tatu kwa juma, wawili wameshatoka kwenye kundi hilo. Hata kama mwanao anasoma kama mtangazaji wa redio, jibu hilo linamhusu, maana shule inayomwona mtoto wa mwisho huwaona na wa katikati.

Swali linalofuatana nalo ni la Gredi ya 9. Mtoto atachagua njia mojawapo kati ya tatu za sekondari pevu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Nani anamwongoza? Jihadhari na shule inayowasukuma wote kwenye sayansi kwa kuwa ndiyo inayosikika vizuri kwenye mkutano wa wazazi, na ile isiyojua sekondari pevu za karibu zinafundisha masomo gani. Hakikisha pia kwamba tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 zinafanyika na alama zake zinapelekwa Baraza la Mitihani kwa wakati. Ni asilimia 20 ya alama ya mtoto, na zikipotea zinapotea kimyakimya.

Halafu kuna uhusiano kati ya ofisi na walimu. Sekondari msingi iko chini ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na walimu wengi wa ngazi hii wamekuwa wakidai wajisimamie. Ugomvi huo wa kitaifa umeingia mpaka kwenye vyumba vya walimu: pengine hata kipande cha chaki kinagombaniwa. Huwezi kuumaliza, lakini unaweza kuunusa. Msikilize mwalimu mkuu anavyowataja: "walimu wetu wa junia" au "hao watu wa JSS"? Palipo na "hao watu", mtoto wako atakuwa katikati ya fahali wawili.

Nenda vyooni. Mzazi anayeona aibu kuomba kuviona anamwachia mtoto aione aibu hiyo kila siku kwa miaka mitatu. Angalia kama milango ina makomeo ya ndani, kama kuna maji karibu, na kama wasichana wa miaka 13 wana choo kilichotengwa na cha watoto wadogo. Sheria ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Uliza zimefika mara ngapi mwaka huu, na anayezigawa ni nani. Uliza mwanao atakula nini mchana. Na uangalie kama kuna fimbo juu ya meza ya mwalimu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 na sheria ya 2013 ikakazia, lakini watoto watakueleza ukweli haraka kuliko bango la sera ukutani. Waulize wanaochelewa hufanywaje. Adhabu ya kukosa vipindi viwili ukichota maji ni adhabu kwa akili pia.

Kuhusu pesa nitasema machache. Masomo ya shule ya umma ya kutwa hayalipiwi karo. Serikali imetangaza mgao wa takriban shilingi 15,000 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka, ambao mara nyingi huja vipande vipande na kwa kuchelewa, ndiyo maana shule huomba michango. Mchango si dhambi. Dai risiti, uliza ulipitishwa katika mkutano gani, na uulize muhula uliopita watoto walirudishwa nyumbani siku ngapi kwa kutolipa. Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayopima utu wa shule.

Siku ya kwenda ichague kwa busara. Usiende siku ya zawadi wala siku ya kufungua shule, kwa kuwa siku hizo hata nyasi zimekatwa. Nenda katikati ya muhula wa pili, katikati ya juma, saa nane alasiri, wakati jua limekaza na chakula kimewalaza wengi. Kabla hujaingia, nunua soda kwenye kibanda kilicho mkabala na geti. Mwenye kibanda hajasomea ukaguzi wa shule, lakini anajua mwalimu gani hufika saa moja asubuhi na yupi hupita saa nne akinunua salio la simu. Ukifika getini jiandikishe kwenye kitabu, salimu, sema umekuja kuomba nafasi ya mwanao Januari na ungependa kufahamu shule. Usiingie kama mpelelezi. Mwalimu anayeheshimiwa hufungua milango mingi, na anayeona anakaguliwa hufunga hata dirisha. Ukipita barazani, sikiliza. Darasa tulivu kupita kiasi linatia shaka kama lile lenye vurugu. Unachotaka kusikia ni sauti ya mtoto akieleza jambo, na mwalimu akimsubiri amalize.

Wengi mnaosoma hapa mtaniambia: shule ni moja tu, iko kilomita tatu, nyingine iko ng'ambo ya mto. Najua. Basi yote uliyoyaona yawe orodha ya kazi badala ya orodha ya kuchagulia. Bodi ya shule ina wawakilishi wa wazazi waliochaguliwa. Wajue kwa majina na uwape swali moja kila muhula, si kumi. Upungufu wa walimu unapelekwa kwa maandishi katika ofisi ya TSC ya kaunti ndogo, ukiwa na hesabu ya vipindi 120 na idadi ya walimu waliopo, kwa sababu barua yenye namba haitupwi kirahisi kama malalamiko ya mdomo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na shule ya serikali ni taasisi ya umma. Nyumbani, kagua madaftari ya mwanao kila Ijumaa, uweke sahihi na tarehe. Mwalimu akiona sahihi ya mzazi kila juma, hujua kuna jicho lingine linalosoma wino wake.

Na mkutano wa wazazi ukiitishwa, nenda mwenyewe, usimtume kijana wa kazi. Beba maswali yako yakiwa yameandikwa, ukae mpaka mwisho. Hesabu za pesa, kwa kawaida, husomwa watu wakiwa wameshaanza kuondoka.